Mtoto wa Nyumbani Anakwenda Thailand Kufundisha Kiingereza: Mwongozo kwa Familia Inayobaki

Siku hizi si ajabu kusikia kwamba binti wa shangazi yuko Khon Kaen, au kijana wa jirani anafundisha watoto wa shule ya msingi Chonburi. Vijana wetu wamesomeshwa kwa Kiingereza tangu chekechea, wana digrii, na kazi za hapa nyumbani hazitoshi. Shule za Thailand zinatafuta walimu wa Kiingereza kila mwaka. Kwa hiyo wanakwenda, na wengi wanafanya vizuri.

Miongozo mingi huandikiwa anayesafiri. Huu nimewaandikia ninyi mnaobaki: wazazi, kaka na dada, mjomba ambaye ndiye atakayepigiwa simu kwanza mambo yakiharibika. Msafiri ana hamu ya kuondoka, na mwenye hamu hakagui sana. Ninyi ndio mnaochanga nauli, na kwa maoni yangu mchango huo unawapa wajibu wa kuuliza maswali yote magumu kabla shilingi moja haijatoka mfukoni. Mpwa wangu anafundisha huko, na mengi ya hapa yametokana na vikao tulivyokaa naye kabla hajaondoka na simu tulizopigiana baadaye.

Hatua ya 1: Hakikisheni nchi yenyewe inaikubali pasipoti yake

Hapa ndipo wengi wanapopoteza pesa bila kujua. Si kila nchi inayoajiri walimu wa Kiingereza inaajiri Mkenya au Mtanzania. Korea Kusini, kimsingi, hutoa viza ya mwalimu wa Kiingereza kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. China nayo inazipendelea nchi hizohizo, na anayetoka kwingine huwekewa masharti ya ziada ya elimu na uzoefu. Wapo vijana wetu waliokwenda China kwa viza ya mwanafunzi au ya biashara kisha wakaingia darasani kufundisha. Sheria ya China iko wazi: anayefanya kazi bila kibali hupigwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito huwekwa kizuizini siku 5 hadi 15, kisha anaweza kurudishwa kwao. Wakala akiwaambia "ataingia kwa viza ya masomo, kazi ataipata akifika", mazungumzo yaishie hapo.

Thailand inamkubali mtu wetu, lakini kwa masharti. La kwanza ni digrii. Si lazima iwe ya ualimu, ila iwe digrii. Mwenye cheti cha ualimu au diploma peke yake, hata akiwa mwalimu hodari wa miaka mingi, atapata tabu kubwa kupata kibali cha kufundisha shuleni, na anayemwambia vingine anataka kumuuzia kitu. La pili ni mtihani wa Kiingereza. Kwa kuwa Thailand haituhesabu kuwa wazawa wa lugha hiyo, shule nyingi huomba matokeo ya TOEIC ya alama 600 au zaidi, au IELTS. Kijana aliyesoma Kiingereza maisha yake yote anaweza kuona kwamba anadharauliwa. Afanye tu, tena mapema, kwa sababu karatasi hiyo ndiyo itakayompa nguvu ya kuomba mshahara mzuri zaidi.

Na jambo hili lisemwe waziwazi nyumbani kabla hajakutana nalo peke yake: matangazo mengi ya kazi huko yameandikwa kwamba wanatakiwa wazawa wa lugha tu, mengi huomba picha, na wapo waajiri wanaochagua kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Mwafrika anaweza kutuma maombi mengi na kujibiwa machache, na mshahara wake mara nyingi huwa chini ya ule wa Mwingereza anayefundisha darasa la jirani. Ni dhuluma, na akiondoka akiwa anaijua haitamvunja moyo wiki ya pili.

Hatua ya 2: Ikagueni kazi, msimkague kijana

Hii ndiyo hatua ninayowaomba mkae nayo muda mrefu kuliko zote.

Tangu 2022 Wakenya na Waganda wamekuwa wakiokolewa kutoka makambi ya utapeli wa mtandaoni yaliyo Myawaddy, ndani ya Myanmar, ng'ambo ya mto Moei unaoitenganisha na mji wa Mae Sot wa Thailand. Wengi waliahidiwa kazi Thailand: huduma kwa wateja, mauzo, kompyuta, na wengine ualimu. Walipotua Bangkok walipokelewa vizuri, wakapandishwa gari, wakasafirishwa kama kilomita 500 hadi mpakani na kuvushwa mto. Upande wa pili pasipoti zao zilichukuliwa, wakalazimishwa kuwatapeli watu kwa simu usiku na mchana. Februari 2025, baada ya Thailand kukata umeme uliokuwa ukipelekwa maeneo hayo, maelfu ya watu walitolewa, na Wakenya walikuwa miongoni mwao. Hawakuwa wajinga. Wengi walikuwa na digrii, na walikuwa na familia zilizowachangia nauli.

Tangazo la mtego lina sura yake. Halitaki digrii. Mshahara ni mkubwa kuliko wa kawaida, tena hutajwa kwa dola. Tiketi inalipwa na "kampuni". Anatakiwa aondoke wiki hii. Mahojiano yote yamefanyika kwa ujumbe wa simu, hakuna aliyemtaka aonyeshe anavyofundisha. Shule ya kweli karibu kila mara humtaka mwalimu afundishe somo fupi la majaribio, hata kama ni kwa video, kwa sababu mkuu wa shule anataka kuona kama ataweza kuwatuliza watoto 45 wasioelewa anachosema. Na shule ya kweli ni nadra kumlipia mwalimu mgeni tiketi.

Kuikagua shule hakuhitaji mtaalamu. Sisi tulifanya hivi. Tuliomba jina la shule kwa maandishi ya Kithai, si kwa herufi za Kiingereza peke yake. Tukalinakili, tukalitafuta kwenye ramani ya simu, tukaona majengo, uwanja, barabara. Kisha tukatafuta ukurasa wa Facebook wa shule. Shule za Thailand hupenda sana kuweka picha: gwaride la asubuhi, siku ya michezo, watoto wamepiga magoti mbele ya walimu wao katika sherehe ya mwezi wa Juni ya kuwaheshimu walimu. Tulizipekua hizo picha hadi tukawaona walimu wageni, mmoja wao Mwafrika. Tukauandikia ukurasa wenyewe, si wakala, tukauliza kama wanamtarajia mwalimu mwenye jina hili. Halafu tukaomba kuzungumza na mwalimu mgeni anayefundisha pale sasa. Yule mwalimu alitueleza kuhusu maji, umeme, mkuu wa idara, na siku ambayo mshahara huingia. Wakala hakutaja hata moja kati ya hayo.

Wakala akiwapo, ulizeni nani atatia saini mkataba: shule au yeye? Walimu wengi wa kweli Thailand wameajiriwa kupitia wakala wa huko anayekata sehemu ya mshahara, kwa hiyo wakala peke yake si dalili ya wizi. Lakini kama yuko Kenya, jina lake litafutwe kwenye orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Tanzania, pa kuulizia ni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Jina lisipokuwapo, msitoe hata ada ya fomu.

Mae Sot ni mji wa kawaida wenye shule halisi, kwa hiyo kuutaja si kosa. Ila ajira ikiwa ya huko, au ya mji wowote wa mpakani, ukaguzi uwe mara mbili. Na kwa familia za Kiislamu zitakazovutiwa na mikoa ya kusini yenye Waislamu wengi, Pattani, Yala na Narathiwat: kuna mapigano ya waasi huko tangu 2004. Bangkok na miji mingine ina misikiti na chakula cha halali. Hakuna haja ya kuanzia penye milipuko.

Hatua ya 3: Karatasi

Zianze mapema, miezi mitatu au minne kabla. Zinachelewa kwa sababu kila ofisi inasubiri muhuri wa ofisi nyingine.

Anahitaji cheti chenyewe cha digrii na orodha ya alama, si barua ya kusubiri mahafali. Anahitaji cheti cha tabia njema kutoka polisi. Kenya huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kisha anakwenda kuchukuliwa alama za vidole kwenye Huduma Centre au makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Shule au ubalozi ukitaka nakala zilizothibitishwa, mihuri hupatikana Wizara ya Mambo ya Nje, Nairobi, kisha ubalozi wa Thailand, ambao pia uko Nairobi. Anahitaji pasipoti yenye muda wa kutosha. Mkataba huwa wa karibu mwaka mmoja, kwa hiyo pasipoti inayokwisha baada ya miezi minane ibadilishwe kwanza.

Cheti cha mafunzo ya kufundisha Kiingereza kwa wageni, kile cha saa 120, kinasaidia. Bei zake zinatofautiana mno. Cha gharama ndogo chenye masomo kamili kinatosha kwa kuanzia, msiuze mbuzi kwa ajili ya cha bei kubwa.

Na homa ya manjano: anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda lazima awe na kile kijitabu cha chanjo, na sindano iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Akishachanjwa, cheti hicho ni cha maisha.

Nakala za kila kitu zibaki nyumbani, kwenye bahasha na kwenye barua pepe ambayo watu wawili wa familia wanaweza kuifungua. Pasipoti, viza, mkataba, anwani ya shule kwa Kithai, namba ya mkuu wa idara.

Hatua ya 4: Hesabu kwa kalamu

Mwalimu asiye mzawa wa Kiingereza hulipwa mara nyingi kati ya baht 20,000 na 30,000 kwa mwezi. Baht moja siku hizi iko karibu na shilingi 4 za Kenya, kwa hiyo baht 25,000 ni kama shilingi 100,000. Hapo ndipo macho hutoka nyumbani, na watu huanza kupanga ukuta wa shamba na ada za watoto watatu. Subirini kwanza tupige hesabu.

Chumba cha kawaida mkoani baht 5,000. Umeme na maji 1,500, maana joto la Machi na Aprili halivumiliki bila feni au kiyoyozi. Chakula 200 kwa siku, yaani 6,000. Usafiri 1,500. Simu na intaneti 500. Jumla 14,500. Zimebaki 10,500, kama shilingi 42,000, na bado hajanunua nguo wala dawa, wala hajalipa deni la tiketi. Akiwa Bangkok chumba peke yake kinaweza kufika 8,000 au zaidi.

Kuna shimo jingine ambalo familia nyingi hazilijui. Mwaka wa shule Thailand huanza katikati ya Mei na kwisha Machi, na katikati ya Oktoba kuna likizo. Mikataba mingi ni ya miezi 10 au 11. Hiyo ina maana kwamba Aprili, na pengine sehemu ya Oktoba, hana mshahara. Kodi ya nyumba haijui likizo.

Kwa hiyo aondoke na pesa za kumtosha miezi miwili, mbali na tiketi na viza. Mwenye nyumba hutaka amana, mara nyingi ya miezi miwili, pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Kwa chumba cha 5,000 hiyo ni baht 15,000 siku ya kwanza kabisa. Mshahara wa kwanza utaingia mwisho wa mwezi, na ukichelewa yeye ndiye atakayelala kwa mkate mtupu.

Kama familia inafanya mchango, iandike wazi ni zawadi au ni mkopo. Nimeona ndugu wakinuniana miaka kwa sababu ya nauli ambayo mmoja aliiita baraka na mwingine aliiita deni.

Hatua ya 5: Usomeni mkataba pamoja

Kaeni sebuleni, mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Sisi tulifanya hivyo baada ya chakula cha jioni, na babu yake mpwa wangu, ambaye aliwahi kuwa karani bandarini, ndiye aliyeuliza swali bora la usiku ule: "Akitaka kuondoka katikati, nani anashika pasipoti?" Jibu sahihi ni kwamba pasipoti inakaa kwa mwenyewe wakati wote. Shule inaweza kuiomba kwa siku chache ili kupeleka uhamiaji, lakini haiwezi kuihifadhi kabatini.

Angalieni: jina la shule na anwani, mshahara kwa baht, mkataba ni wa miezi mingapi na likizo zinalipwa au la, vipindi vingapi kwa wiki (20 hadi 25 ni kawaida), nani analipia viza na kibali cha kazi, kuna bima gani ya matibabu, faini au amana gani akiacha kazi kabla ya muda. Mkataba ukiwa na nakala ya Kithai, hiyo ndiyo yenye nguvu huko. Mtafuteni mtu wa kuisoma, au angalau muipitishe kwenye programu ya kutafsiri na mlinganishe tarakimu. Tarakimu zinasomeka kwa lugha yoyote.

Hatua ya 6: Viza kwanza, ndege baadaye

Mkenya anahitaji viza kabla ya kusafiri. Ya kazi inaitwa Non-Immigrant B, huombwa mtandaoni kwenye mfumo wa viza wa serikali ya Thailand, na huambatanishwa barua na leseni kutoka shuleni. Shule isiyoweza kutoa karatasi hizo haina haki ya kuajiri mgeni.

Wakala atawaambia aende kwa viza ya utalii, itabadilishwa akifika. Kubadilisha ndani ya nchi kunawezekana kisheria, na wapo waliofaulu. Lakini hatari yote iko kwa kijana wenu, si kwa wakala: karatasi zikichelewa anakuwa ameishiwa na siku, au anaanza kufundisha bila kibali. Akikamatwa faini ni baht 5,000 hadi 50,000 na kufukuzwa nchini. Akipitiliza siku za viza ni baht 500 kila siku, hadi 20,000. Mimi singekubali mwanangu aende hivyo.

Hatua ya 7: Safari yenyewe

Katika siku 3 kabla ya kufika, anajaza kadi ya kuwasili ya kidijitali ya Thailand. Ilianza Mei 1, 2025, na haina malipo. Tovuti inayodai dola kwa kadi hiyo ni ya matapeli.

Kwenye uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kabla ya foleni ya uhamiaji, kuna kaunta ya afya. Abiria wa kutoka kwetu hupita hapo kwanza na kijitabu cha chanjo, wanajaza fomu, wanagongewa muhuri. Wengi huipita bila kuiona, wanasimama saa nzima kwenye foleni ya pasipoti, kisha wanarudishwa nyuma. Mwambieni aiulizie mapema.

Anapotoka nje, awe ameshawasha mahali alipo kwenye WhatsApp. Inaweza kuonekana kwa saa 8 mfululizo. Mtu mmoja nyumbani akae macho na ramani. Kama shule iko Chonburi, gari linatakiwa lielekee kusini-mashariki, na safari haifiki saa mbili. Mkiona linakwenda kaskazini-magharibi kuelekea Kamphaeng Phet na Tak, mpigieni hapohapo, na asipopokea wapigieni shule na ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok. Kabla hajaondoka kubalianeni pia sentensi moja ya hatari. Sisi hatuna ng'ombe. Tulikubaliana akiuliza hali ya ng'ombe, tutajua hayuko huru kuzungumza.

Namba za huko azihifadhi na ninyi pia: 191 polisi, 1155 polisi wa watalii ambao huzungumza Kiingereza, 1300 kwa waliouzwa au kulazimishwa kazi. Kenya, HAART ni shirika linaloshughulikia biashara haramu ya binadamu, na familia inaweza kwenda kwao bila kusubiri.

Hatua ya 8: Yale asiyofundishwa chuoni

Mtoto aliyelelewa na adabu za kwetu hatapata shida sana Thailand. Huko pia mkubwa anaheshimiwa, viatu vinavuliwa mlangoni, sauti haipandishwi hovyo. Lakini kuna mambo ya kumwekea sikioni.

Kichwa cha mtu hakiguswi. Mwalimu wa kwetu amezoea kumpapasa mtoto kichwani kumpongeza. Huko ni kumvunjia heshima. Miguu haielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha. Saa mbili asubuhi wimbo wa taifa unapigwa, shule nzima inasimama, naye asimame. Na mfalme hasemwi vibaya, wala kwa mzaha, wala kwa picha ya kuchekesha mtandaoni. Kifungu cha 112 cha sheria za jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa, na mgeni hasamehewi. Hilo lihusu pia kundi la WhatsApp la familia: msimtumie vichekesho vya namna hiyo.

Fimbo asahau. Sauti ya ukali pia. Watoto wa Thailand hufundishika kwa michezo, nyimbo na vicheko, na mwalimu anayekasirika mbele ya darasa ndiye anayeonekana ameshindwa. Aende na vitu vya kuonyesha: kanga, noti za nyumbani, picha za soko na za ndugu zake, muziki. Mpwa wangu alifundisha rangi zote kwa kanga tatu za mama yake, na watoto waliokuwa hawafungui midomo walianza kubishana kama ile ya katikati ni ya machungwa au ya manjano.

Hatua ya 9: Miezi mitatu ya kwanza

Viza ya kwanza ni ya siku 90. Ndani ya hizo shule inatakiwa impatie ruhusa ya kufundisha kutoka Baraza la Walimu la Thailand, linaloitwa Khurusapha, kibali cha kazi, na nyongeza ya kukaa hadi mwisho wa mkataba. Muulizeni kila wiki mbili, "Kibali kimefikia wapi?" Kijana mgeni huona aibu kumsumbua mkuu wa shule. Swali la mama humpa sababu.

Mwenye nyumba anatakiwa aiarifu idara ya uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba mgeni anaishi kwake. Kusipofanyika hivyo, karatasi nyingine hukwama. Kila siku 90 mwenyewe anaripoti anwani yake. Na akitaka kutoka nje ya nchi, hata kwa siku mbili, lazima kwanza apate kibali cha kurudi, baht 1,000 kwa safari moja. Akitoka bila hicho, ruhusa yake ya kukaa inafutika mpakani. Hili lina maana kwenu pia: msiba ukitokea nyumbani, msimwambie "panda ndege leo". Mwambieni apitie uhamiaji kwanza. Kaunta ya kibali hicho ipo hata uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, lakini ni vizuri zaidi awe nacho tayari.

Hatua ya 10: Namna ya kuwa familia ukiwa mbali

Thailand iko saa 4 mbele yetu. Saa kumi jioni nyumbani ni saa mbili usiku kwake, amekula, ametulia. Huo ndio wakati wa kupiga. Ukimpigia saa nne usiku wako, kwake ni saa nane, na asubuhi anasimama mbele ya darasa.

Mteueni mtu mmoja wa kupokea maombi ya pesa za ukoo. Binamu wa mbali asimwandikie moja kwa moja. Kwa miezi mitatu ya kwanza asiombwe kitu. Akituma mwenyewe, ashukuriwe. Baada ya hapo kubalianeni kiasi kimoja cha kila mwezi ambacho hakimkamui, na kiwe kidogo Machi na Aprili. Wanaoomba zaidi wajibiwe na yule aliyeteuliwa.

Sikilizeni sauti yake. Mwezi wa pili na wa tatu ndio mgumu: ugeni umekwisha kunoga, hajui lugha, darasani anachekewa nywele, jioni anarudi chumbani peke yake. Akisema amechoka, msimkumbushe nauli. Muulizeni amekula nini, amezungumza na nani leo, kama kuna Wakenya au Watanzania karibu naye. Mpeni habari ndogondogo za nyumbani, nani ameoa, nani amefungua duka, mvua imenyesha au la.

Ikifika Januari, muulizeni kama shule imesema lolote kuhusu mwaka ujao. Ruhusa yake ya kukaa imefungwa na kazi ile. Siku kazi inapokwisha, ruhusa nayo imekwisha, na anayehamia shule nyingine inabidi karatasi zipangwe kabla ya siku hiyo, tarehe kwa tarehe. Barua ya kuachishwa kazi na kibali cha zamani avitunze. Shule mpya itavidai, na bila hivyo atalazimika kutoka nchini na kuanza upya kutoka hatua ya 6.